Safu ya Mwisho

Daftari la chumba cha upasuaji lina safu saba.
Nilizipiga mstari mwenyewe, kwa rula ya mwanangu,
mwaka ule madaftari ya kuchapwa yalipokwisha bohari.
Jina. Umri. Atokako. Chanzo.
Mguu upi. Umekatwa wapi.
Na ya mwisho, nyembamba, maana ukurasa ulikuwa umeniishia:
Matokeo.

Daktari Nyemo amekuja na kompyuta, anataka miaka mitano.
Mimi nasoma, yeye anabonyeza.
Upepo wa Agosti unasukuma vumbi chini ya mlango,
tunapuliza kurasa kama watu wapulizao chai.

Sukari. Sukari. Bodaboda, barabara ya Kongwa.
Sukari. Nyoka, akaanzia kwa mganga.
Donda la miaka tisa. Lori la mahindi, Kibaigwa.
Sukari.
"Sista, sema tu kama hapo juu."
Hapo juu, namwambia, ni mtu mwingine.

Sechelela Mbijima, hamsini na nne, Mpunguzi.
Mwiba wa mgunga ulimwingia asubuhi akipogoa zabibu;
aliujua jioni, kwa damu iliyoganda kwenye katambuga.
Akatia majivu, akatia majani, akatia subira.
Tulipomwuliza mbona umechelewa, alitushangaa:
donda lisilouma, nani atalipandia basi?
Kushoto. Juu ya goti.
Alipozinduka hakuuliza kama atatembea.
Aliuliza mguu wake umelala wapi.
Mumewe aliuomba, akaufunga kwa kitenge,
akaupakata hadi nyumbani kama mtoto aliyesinzia,
akachimba kwenye kona ya shamba
kisha akasimama na jembe, muda mrefu,
hajui auelekeze wapi.
Safu ya mwisho: Ameruhusiwa.

Kitanda cha sita na cha saba, Machi iliyofuata.
Yeremia Chilongani, kulia, chini ya goti.
Hamisi Ntandu, kushoto, chini ya goti.
Wote wawili wanavaa namba nane.
Walichanga, wakamtuma mhudumu soko la Majengo,
akarudi na jozi moja ya raba nyeupe.
Wodi nzima ilicheka mpaka mshono wa mtu ukalalamika.

Cha Chilongani kilifunga siku ya kumi na nne.
Cha Ntandu kilichimbika. Akarudi mezani, juu ya goti.
Akarudi tena.
Safu yangu haikumtosha; nilimwandika pembeni, wima,
mpaka kwenye uzi wa kitabu.

Juni Chilongani alikuja kliniki kwa magongo.
"Cha kulia kiko wapi?"
Nilimwonyesha benchi, nikaenda stoo, nikamletea kiatu.
Chake kilishageuka rangi ya udongo wetu.
Hiki kilikuwa cheupe pe.
Alikaa nacho mapajani hadi dirisha la dawa lilipofungwa.

"Mia moja arobaini na mmoja," anasema Daktari Nyemo.
"Kumi na tisa walifariki ndani ya siku thelathini.
Ishirini na sita walikatwa tena.
Na hawa hamsini na watatu, safu iko tupu.
Niandike wamepotea?"
Hawajapotea, Daktari.
Wapo Chipanga, wapo Mvumi, wapo huko huko walikotoka.
Kilichopotea ni nauli.
Anaangalia kioo chake. Hakina mahali pa nauli.
Anaandika: wamepotea.
Simlaumu; hata mimi nilipiga mstari nikaishiwa karatasi.

Natoka zamu saa kumi na mbili.
Mama ana sukari mwaka wa sita sasa.
Kabla sijavua viatu namwambia, lete miguu.
Nawasha tochi ya simu, natanua kidole na kidole,
nachungulia kisigino, nagusa unyayo kwa ncha ya kalamu
ile ile.
Anajivuta, anacheka: acha, unanitekenya!
Sijawahi kusikia neno tamu kuliko hilo.
Nahamia mguu wa pili.
Na hapa, Mama?
Na hapa?